Pasi Mbili za Theresia

Theresia alifika Stockholm mwezi wa Agosti mwaka 1968, akiwa na miaka kumi na miwili, ameshikwa mkono na mwanamke ambaye hadi majuma machache nyuma alikuwa hakumbuki kumwona kwa macho yake. Mwanamke huyo alikuwa mama yake mzazi.

Mambo yenyewe yalianzia Bukoba, kabla ya uhuru. Birgit Hedlund alikwenda huko akiwa muuguzi kijana katika zahanati ya misheni, ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Bunazi. Huko akapendana na mwalimu Ladislaus, mtu mpole mwenye sauti nzuri ya kuimba, na mwenye mke wa ndoa ya kanisani. Tumbo lilipoanza kuonekana, wakubwa wa Birgit walimwambia afungashe. Kwao Uswidi, baba yake alikuwa ameshasema kwamba arudi peke yake au asirudi kabisa. Alijifungua mtoto wa kike, akakaa naye miezi michache, akilia na kunyonyesha, hajui la kufanya.

Aliyejua la kufanya alikuwa Gaudiosa, mke wa Ladislaus. Watu wote walitarajia kwamba siku atakayokutana na yule Mzungu ataokota jiwe. Badala yake alifika zahanati asubuhi moja, mwanawe Evodius mgongoni, akasimama mlangoni.

"Wewe na Ladislaus mmenikosea, na mnajua," alisema. "Mtoto huyu hajanikosea kitu. Nipe."

Ndivyo Theresia alivyolelewa, akinyonya titi moja na Evodius, akimwita Gaudiosa *Mawe*, ambalo ndilo neno la Kihaya la kumwita mama. Birgit alikuwa ni jina tu, mtu wa mbali anayetuma penseli za rangi na vitabu vya picha za theluji. Kisha mwaka ule wa 1968 Birgit akaja mwenyewe. Baba yake alikuwa amefariki, yeye alikuwa na kazi nzuri na nyumba, na hakuwa ameolewa. Alikaa barazani kwa Gaudiosa, magoti yamebanana, akaomba arudishiwe mwanawe.

Gaudiosa akasema, "Sitakuzuia. Uchungu wa kumzaa ulikuwa wako. Lakini haondoki hapa kama mgeni aliyekuja kutembea. Ataondoka na pasi ya kwao, na ataitumia kurudi."

Birgit alikwisha kumpatia mtoto pasi ya kusafiria ya Uswidi, yenye jina la Theresia Hedlund. Gaudiosa alimkokota mumewe ofisi hadi ofisi mpaka ikapatikana na ya pili, ya Tanzania, Theresia Ladislaus. Mtoto akaingia kwenye ndege akiwa na pasi mbili katika kifuko cha kitambaa shingoni, na hakuona ajabu yoyote. Alidhani kila anayepanda ndege hupewa mbili, moja ya kwendea na moja ya kurudia.

Nyumba ya Birgit ilikuwa Vällingby, ghorofa ya tatu, si mbali na maduka na kituo cha treni ya chini ya ardhi. Majuma ya kwanza Theresia hakula. Birgit alikwenda dukani akanunua ndizi, zile mbivu za manjano, kwa sababu hapakuwa na nyingine, akazimenya na kuzichemsha na chumvi na kitunguu. Zikawa uji mtamu unaonuka kitunguu. Theresia alionja, akaweka kijiko chini, akaangua kilio. Birgit naye akaonja, naye akalia, wakakaa hivyo mezani, mmoja huku na mwingine kule, kila mtu na kilio chake.

Kiswahili cha Birgit kilikuwa cha zahanati. Alijua kusema unaumwa wapi, vuta pumzi, kohoa, meza hii na maji mengi. Hakujua kusema nilikukumbuka. Kwa hiyo mtoto alipojifunza Kiswidi, na alijifunza upesi kuliko mtu alivyotegemea, ilikuwa nafuu kwa wote wawili. Alipofika miaka kumi na minne alikuwa anamjibu Birgit kwa Kiswidi hata akiulizwa kwa Kiswahili. Mapenzi yalikuja, si kwa siku moja. Yalikuja kwa mambo madogo: Birgit kumpashia viatu kwenye mabomba ya kupashia nyumba joto asubuhi za Januari, Birgit kumgombeza mwalimu aliyemwita mtoto wa kuokotwa.

Na lile sharti la Gaudiosa la kumrudisha, Birgit alilitimiza. Kila mwaka wa pili aliweka akiba ya likizo yake, akamchukua Theresia kwenda Bukoba. Safari ya kwanza, mwaka 1970, walishuka Entebbe wakapanda basi kupitia Masaka hadi mpakani Mutukula. Basi lilipokaribia mpaka Birgit aliinama akamnong'oneza, "Sasa wewe ni nani?"

"Theresia Ladislaus."

Wakati wa kurudi aliuliza tena, na jibu likawa Theresia Hedlund, wakacheka. Ulikuwa mchezo wao. Siku ile ya kufika, upande wa pili wa kizuizi cha mpakani, Gaudiosa alikuwa amesimama tangu alfajiri, kanga mpya kiunoni, na Theresia alipita chini ya ule mti wa kizuizi bila kungoja uinuliwe.

Mwaka uliofuata wanajeshi walitwaa serikali Uganda, na njia ya Masaka ikawa si ya kupita mtu. Wakaanza kupitia Nairobi, kisha Mwanza, kisha meli ya usiku kucha ziwani. Mwalimu Ladislaus alifariki mwaka 1973. Habari zilifika Vällingby akiwa amekwisha kuzikwa. Mwaka 1976 Theresia alikwenda peke yake, msichana wa miaka ishirini, na muda mfupi baada ya kurudi, mpaka wa Kenya na Tanzania nao ukafungwa. Ilikuwa kama mtu anayemfungia milango mmoja baada ya mwingine, akimwachia kila mara njia ndefu zaidi.

Katika safari ile ya 1976, siku moja alikaa na Gaudiosa nyuma ya nyumba wakimenya ndizi. Gaudiosa alikuwa amezeeka. Mikono yake ilitetemeka kidogo, lakini kisu kilijua kazi yake.

"Evodius anasema serikali haitaki mtu mzima mwenye nchi mbili," Gaudiosa alisema. "Eti ukitimiza ishirini na moja, unapewa mwaka mmoja wa kuchagua."

"Ni kweli, Mawe. Nimesikia."

"Utachagua wapi?"

"Hapa," Theresia alisema.

Gaudiosa hakuinua macho kutoka kwenye ndizi. "Umejibu haraka," alisema.

Theresia alichukia kidogo aliposikia hivyo. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amepanga amalize mafunzo ya uuguzi Stockholm, akane uraia wa Uswidi, arudi Bunazi kufanya kazi katika zahanati ile ile alimozaliwa. Alikuwa ameshamwambia Birgit, na Birgit aliinamisha kichwa kukubali, akasema ni haki, amekaa naye vya kutosha.

Alitimiza miaka ishirini na moja Julai 1977. Mwezi wa Oktoba, Birgit alikuwa amepanga foleni katika duka la nyama pale Vällingby, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa, na maneno yakatoka kichwani mwake kama maji yanayotoka kwenye kikapu. Yaliyobaki yalikuwa machache, na hata hayo hayakuja alipoyataka. Alikuwa na miaka hamsini tu.

Theresia aliacha mafunzo. Alipata kazi katika nyumba ya kulelea wazee, si mbali na pale kwao, kuogesha watu asubuhi na kutandika vitanda, ili mchana awahi nyumbani kumwogesha mama yake. Jioni alimlisha. Ndugu wa Birgit walikuja Krismasi wakaleta maua, wakasema Theresia ni msichana mwema, wakaondoka.

Mwezi wa Machi alikwenda ubalozini. Pale alikuwapo Severin, mtu wa Ngara, ambaye alikuwa akimwona katika mikusanyiko ya Watanzania kila sikukuu ya uhuru. Severin alimpa kiti, akamweleza taratibu.

"Dada, kwetu jambo lenyewe ni jepesi. Ulete uthibitisho kwamba umeukana uraia wa huku, ule kiapo, basi. Lakini iwe kabla ya Julai, siku yako ya kuzaliwa. Ikipita, sheria inakutoa yenyewe, hata mimi siwezi kukurudisha."

Akaenda kwa Waswidi. Mama mmoja ofisini alimsikiliza kwa upole mwingi, akamwambia, "Ukiuacha uraia, utakuwa mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Utaomba kibali cha kuishi hapa. Kwa hali ya mama yako, sidhani utanyimwa. Lakini siwezi kukuahidi."

Maneno hayo, siwezi kukuahidi, yalimfuata kwenye treni mpaka nyumbani. Aliwafahamu wageni. Aliwaona Watanzania wenzake walivyokuwa wakinyamaza ghafla mazungumzo yakigusa vibali. Alifikiri, itakuwaje wakininyima? Nani atamgeuza kitandani?

Jumapili moja alipanda treni hadi Hagsätra, kwa rafiki yake Wamaitha, Mkenya aliyeolewa na Mswidi na aliyechukua uraia wa Uswidi zamani bila kukosa usingizi hata siku moja. Wamaitha alimmiminia chai ya maziwa.

"Kwani wewe unajisumbulia nini?" Wamaitha alisema. "Mimi naenda kwetu Nyeri na pasi ya Uswidi, na hakuna mtu amewahi kuniuliza kama mimi ni Mkikuyu. Utaomba viza, utapewa, utaenda kumwona mama yako wa huko. Pasi ni karatasi tu, Theresia."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi wakati huyu wa hapa alikuwa mzima."

Hilo lilikuwa kweli, na Theresia alilishika kwa mikono miwili. Hata hivyo alizijaza fomu za kukana uraia. Mwezi wa Juni alizitia mkobani akaenda nazo mpaka mtaa wa ofisi, akasimama ng'ambo ya barabara akitazama mlango. Watu waliingia na kutoka. Alisimama mpaka miguu ikamuuma. Kisha akakumbuka kwamba nyumbani hakuna maziwa, akaenda kununua maziwa.

Hakuwahi kuamua. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Julai ilifika, wenzake kazini wakamwimbia na kumpa keki ya jordgubbar, yale matunda madogo mekundu ya kiangazi, na siku ikapita. Mwezi wa Agosti Severin alipiga simu, sauti yake imeshuka. Theresia akampelekea ile pasi iliyoandikwa Ladislaus. Severin alichukua mkasi, akakata kona ya jalada, akamrudishia ibaki kumbukumbu.

"Pole, dada. Ndiyo sheria."

"Najua."

Hakumwandikia Gaudiosa neno lolote juu ya jambo hilo. Alitaka kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe, wakiwa wamekaa pamoja. Aliona kwamba kuna muda.

Mwanzoni mwa Novemba alikuwa anamlisha Birgit supu redio ilipotaja Kagera. Msomaji wa habari alilitamka jina kama Waswidi wanavyotamka, akasema majeshi ya Uganda yameingia Tanzania na kuishika nchi yote hadi mtoni. Theresia alishusha kijiko. Birgit aliunyosha mkono wake mzima kuelekea redio, mdomo ukahangaika, na sauti iliyotoka haikuwa neno.

Kila siku Theresia alimpigia Severin. Severin hakuwa na mengi. "Daraja la Kyaka limevunjwa. Watu wa ng'ambo wengi wamevuka, wako kwenye kambi upande huu. Wale ambao hawakuvuka..." Theresia hakumsukuma amalizie.

Wakati majeshi ya Tanzania yalipokwisha kuwarudisha nyuma wavamizi, Desemba, alichukua likizo yake yote. Kazini walimsaidia: Birgit alipewa kitanda cha muda katika nyumba ile ile ya wazee. Theresia alipoinama kumuaga, Birgit alimshika kola, akasema wazi kabisa, kwa Kiswahili cha zahanati, "Nenda haraka."

Severin alimgongea viza, lakini alimtahadharisha. "Kule ni uwanja wa vita. Wanaogopa wapelelezi, wanaogopa askari wa kukodiwa. Wageni hawapiti Mwanza."

"Mimi si mgeni, kaka."

Severin alimrudishia pasi yake ya Uswidi.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, afisa alimsemesha kwa Kiingereza. Theresia alimjibu kwa Kiswahili, na yule kijana akafurahi. "Ah, Kiswahili chako safi sana! Ulijifunzia wapi?" Theresia alijaza fomu ya kuingia nchini, akaandika kila kilichoulizwa, jina la baba, jina la mama, akaendelea na safari. Treni ya kwenda Mwanza ilijaa wanajeshi, na palipokosekana mahali pa kukaa alisimama.

Bandarini Mwanza palikuwa na vurugu za watu na magunia na wanajeshi. Aliyekuwa akikagua abiria wa meli ya Bukoba alikuwa mtu mzima mwenye mvi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alifungua pasi ya Uswidi, akaifunga.

"Wageni hawaruhusiwi, dada. Ni amri ya vita. Rudi Dar."

"Mzee, mimi ni mzaliwa wa Bunazi. Nakwenda kumtafuta mama yangu."

Afisa alimtazama, uso wa chotara, koti la Ulaya, akaikunjua ile fomu ya kuingia nchini iliyokuwa ndani ya pasi. "Hapa umeandika mama yako anaitwa Birgit. Anaishi Stockholm."

"Ndiye aliyenizaa. Aliye Bunazi ndiye aliyenilea."

"Una mama wawili?"

"Ndiyo, mzee. Ninao wawili."

Watu waliokuwa nyuma walianza kunung'unika. Theresia akatoa ile pasi ya pili, akaiweka juu ya meza na kuifungua penye picha. "Tazama. Theresia Ladislaus. Hii hapa."

Afisa aliigeuza, akapitisha kidole mahali palipokatwa. "Hii imekatwa."

"Ndiyo."

"Walikunyang'anya, au uliiacha mwenyewe?"

Hapo, kama angesema uongo, pengine angepita. Yule mzee alikuwa amechoka, na usoni mwake palikuwa na kitu kama huruma. Mwanamke mmoja wa Kihaya aliyekuwa foleni alikuwa ameshaanza kumtetea, "Mwachie, baba, mtoto anaongea kama sisi." Lakini Theresia alikumbuka mkasi wa Severin, akakumbuka barabara ile na maziwa, na ulimi ukakataa.

"Niliacha mwenyewe," alisema. "Mwaka huu. Julai."

Afisa alimrudishia pasi zote mbili. "Basi, mwanangu, nisaidie na mimi," alisema. "Anayefuata."

Alipanga chumba karibu na bandari. Kila meli ilipofika alisimama langoni akiwauliza watu wanaoshuka kama wanatoka ng'ambo ya mto. Wengi walitikisa vichwa. Ilikuwa imebaki siku mbili ili mwaka ubadilike alipomkuta Ziada, mama mchuuzi wa Bunazi aliyekuwa akiwauzia mafuta ya taa tangu Theresia ana meno ya utoto. Ziada alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega inaonekana. Alikuja Mwanza kutafuta dawa na chumvi, na atarudi kwa meli ya kesho.

"Mtoto wa mwalimu!" Ziada alimkumbatia. "Mama yako yuko hai. Yuko kambini. Nyumba imechomwa, ng'ombe wamechukuliwa, Evodius ameingia mgambo. Lakini Gaudiosa yuko. Anakohoa sana, Theresia. Anamwambia kila mtu kwamba wewe uko njiani unakuja."

"Amejuaje kwamba nakuja?"

"Hajui. Anasema tu."

Theresia alikwenda dukani akanunua blanketi na dawa yoyote aliyoipata ya kikohozi. Akavua na koti lake, akalifunga pamoja. Ziada alimshangaa. "Unanipa mimi ya nini? Si tunakwenda pamoja?"

Ikabidi amweleze. Alieleza yote, pale pale kwenye vumbi la bandari, na Ziada alimsikiliza huku amekunja uso, kama mtu anayeelezwa jambo kwa lugha nusu anayoijua.

"Sasa nimwambieje?" Ziada aliuliza. "Nikimwambia uko Mwanza, atauliza kwa nini hujavuka."

Theresia alifikiri. Kila neno la kweli aliloliwaza lilikuwa zito mno kumtwisha mgonjwa.

"Mwambie meli imejaa," alisema.

Alirudi kwa yule afisa mara mbili zaidi. Mara ya pili afisa alimwona kwa mbali akatikisa kichwa kabla hajafika. Katikati ya Januari likizo ilikwisha, akarudi Stockholm bila koti, akatoka uwanja wa Arlanda katika baridi ambayo watu wazima waliokuwa wakingoja basi walisema hawajaiona kwa miaka.

Birgit alikuwa ameketishwa dirishani, akimngojea. Mkono mzima ulimvuta Theresia akae.

"Gaudiosa," alisema. Jina hilo lilimtoka bila kukwama.

"Nimemwona, mama," Theresia alisema. "Hajambo. Ana blanketi jipya. Anakusalimu."

Birgit alifumba macho. Machozi yalimtoka upande mmoja tu wa uso, ule uliokuwa hai. Theresia alimfuta, akaendelea kusimulia: jinsi Gaudiosa alivyocheka, jinsi walivyokula ndizi na maharage. Hakujua kwamba angeweza kusema uongo kwa urahisi namna ile.

Mwezi wa Februari Severin alimpigia simu kazini. Evodius alikuwa amefikisha habari kwa mkubwa mmoja wa mkoa, na mkubwa huyo alituma simu ya maandishi ubalozini. Gaudiosa amefariki kambini. Amezikwa huko huko. Theresia alishukuru, akaweka simu chini, akarudi kumalizia kumvisha soksi bibi mmoja aliyekuwa amemwacha na mguu mmoja mtupu. Jioni alimpikia Birgit viazi. Birgit alipokwisha kula alimgusa mkono, akasema, "Gaudiosa," kwa namna ya mtoto anayeomba hadithi. Theresia alikaa akamsimulia tena. Akasema sasa anapona kikohozi.

Alimsimulia hivyo miezi yote ile, akijenga maisha ya marehemu siku hadi siku: Gaudiosa amerudi Bunazi, Gaudiosa amepanda maharage, Gaudiosa amepata mbuzi. Usiku alikuwa hawezi kulia, kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba na Birgit alikuwa na usingizi mwepesi. Wamaitha alikuwa mtu pekee aliyejua. Alikuja Vällingby mara moja, akakaa jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye nilikwambia ni karatasi tu."

"Hukunishika mkono, Wamaitha."

"Lakini nilisema."

Theresia hakumkatalia. Hakuwa na nguvu ya kumfariji mtu mwingine.

Birgit alifariki mwezi wa Agosti, kiharusi cha pili, akiamini kwamba Gaudiosa ana mbuzi wawili na mahindi yamestawi. Oktoba, vita vikiwa vimekwisha, Theresia aliomba viza tena. Safari hii hakuna aliyemzuia bandarini. Alivuka ziwa, akampata Evodius Bunazi akiezeka upya nyumba kwa mabati yaliyotobolewa na risasi. Evodius alishuka kwenye ngazi, akampa mkono kama mtu anayempa mkono mgeni.

Walikwenda kambini pamoja. Kambi ilikuwa imevunjwa, uwanja umeota nyasi, na pembeni kulikuwa na vituta vingi vya udongo, vingine vina misalaba ya vijiti na vingine havina kitu. Evodius alisimama katikati.

"Ni upande huu," alisema. "Siku zile walikufa wengi kwa kuhara na baridi. Mimi nilikuwa mbele na wenzangu. Nilipofika, waliomzika walikuwa wamehama. Kimoja kati ya hivi."

Theresia alipiga magoti kati ya viwili, hajui aelekee kipi.

"Blanketi lilifika?" aliuliza.

"Lilifika. Ziada alimpa salamu zako, kwamba meli imejaa. Kuanzia hapo Mawe alikuwa akiomba abebwe mpaka barabarani kila walipopokea abiria kutoka ziwani. Anawaambia, meli ikipungua watu atakuja. Walimkataza kwa ajili ya kikohozi, akakataa. Alikuwa amevaa lile koti lako." Evodius alifuta jasho. "Ziada aliniambia mimi ukweli. Kwamba uliikana nchi kabla ya vita, na hukutuambia."

"Nilitaka kumwambia mwenyewe, Evodius."

"Mimi sikumwambia," Evodius alisema. "Alikufa anakungoja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya barabara. Kisha akamwacha Theresia pale, akaenda kukaa kivulini mpaka alipomaliza.

Alilala usiku mmoja tu katika nyumba ile isiyo na paa zima. Mke wa Evodius alimpikia, akamwita dada, lakini watoto walimtazama kwa mbali na mmoja akauliza kama Mzungu huyu ataondoka lini. Asubuhi Evodius alimsindikiza mpaka barabarani. Alimuuliza, kwa adabu, kama ana mpango wa kurudi.

"Sijui," Theresia alisema.

"Njia unaijua," Evodius alisema, na gari lilipokuja alimsaidia kupandisha sanduku.

Stockholm ilikuwa imeshaanza giza la mapema. Nyumba ya Vällingby iliandikishwa kwa jina lake, na kiti cha magurudumu kikarudishwa kilikotoka. Aliendelea na kazi yake ya kuwaogesha wazee. Aliogesha vizuri, kwa mikono ya taratibu, na wengi walimpenda, na wenye akili zilizochoka walimwita kwa majina ya binti zao wenyewe. Aliitikia yote. Mwezi wa Desemba Watanzania walikutana kusherehekea uhuru, na Severin alimpigia kumkumbusha. Theresia alivaa, akashuka hadi kituoni, akaiona treni ikija na milango ikifunguka. Milango ikafungwa, treni ikaondoka. Alikaa kwenye benchi la jukwaa, mkoba magotini, mpaka nyingine ikaja nayo ikaondoka, na watu walioshuka wakampita pande zote mbili wakiharakia makwao.